Mita 500 kutoka kituoni: je, zinatosha kusema mkazi anafikiwa na usafiri wa umma?

Mpimaji_Njia (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Nimepewa kazi ya kukadiria ni asilimia ngapi ya wakazi wa mji wa ukubwa wa kati wanafikiwa na usafiri wa umma, nami nimekwama mahali ambapo sikutarajia. Nilidhani shida ingekuwa kupata takwimu. Kumbe shida imo ndani ya neno lenyewe "kufikiwa", ambalo kila ninayemuuliza analielewa kwa namna yake.

Nilianza na kiashiria 11.2.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Kiashiria hicho huhesabu sehemu ya watu wanaoishi ndani ya mita 500 kutoka kituo cha vyombo vinavyobeba watu wachache kwa mara moja, kama mabasi, au ndani ya kilomita 1 kutoka kituo cha vyombo vikubwa, kama treni na vivuko, na hutaka matokeo yagawanywe kwa jinsia, umri na ulemavu. Nilichukua orodha ya vituo, nikachora duara la mita 500 kuzunguka kila kimoja, nikaweka takwimu za sensa juu yake, nikapata asilimia ya kupendeza sana. Kisha nikafanya jambo ambalo pengine lingefaa kufanywa mwanzoni: nikaenda kusimama kwenye kituo kimoja kilichomo ndani ya eneo nililolipaka kijani. Nyuma ya kituo kuna bonde lenye mto usio na daraja la waenda kwa miguu, na nyumba ambazo kwenye ramani ziko mita 300 tu zinalazimika kuzunguka zaidi ya kilomita moja. Nilisubiri basi kwa dakika 50, na lilipofika lilikuwa limejaa hadi mlangoni.

Sasa sijui nilichopima ni kitu gani. Ningependa kufahamu duara linakosea kwa kiasi gani likilinganishwa na njia halisi, na kama kuna kipimo kinachojali pia basi hupita mara ngapi. Zaidi ya hayo, nauliza kama inawezekana kupima siyo kufika kituoni bali kufika mtu aendako, kwa kompyuta ya kawaida na bila bajeti ya maana. Wakubwa walionituma wanataka namba moja tu, ya kuwekwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Ramani_na_Rula

Ndugu mleta mada, swali lako la duara lina jibu la kihesabu, kwa hiyo nianze nalo. Duara ambalo nusu kipenyo chake ni mita 500 lina ukubwa wa takriban hektari 78.5. Katika mtaa uliopimwa kama ubao wa drafti, ambamo barabara zote zinakatana kwa pembe mraba, eneo ambalo mtu anaweza kulifikia kwa kutembea mita 500 si duara bali ni mraba uliosimama kwa kona yake, wenye hektari 50. Maana yake ni kwamba hata katika mtaa uliopangwa vizuri kabisa, zaidi ya theluthi moja ya eneo ulilolipaka kijani halimo ndani ya mita 500 za kutembea. Mtaa ukiwa na mto, reli, barabara kuu isiyo na kivuko cha miguu au ukuta mrefu wa kiwanda, pengo hilo huongezeka, na hakuna kanuni ya jumla ya kulisahihisha, kwa sababu kila kizuizi kina umbo lake. Tena, maelezo rasmi ya kiashiria hicho yanataka umbali upimwe kwa kufuata mtandao wa njia. Duara ni njia ya mkato ambayo wengi wetu huichukua kwa uvivu, kisha tunakilaumu kiashiria.

Jambo la pili ambalo hukulitaja, lakini nina hakika limo ndani ya hesabu yako, ni namna ulivyowagawa watu. Eneo moja la sensa likikatwa na mpaka wa mita 500, programu nyingi huwagawa wakazi kwa uwiano wa ardhi: nusu ya ardhi ikiwa ndani, nusu ya watu huhesabiwa kuwa ndani. Hilo ni sawa iwapo watu wametandazwa kama siagi juu ya mkate, jambo ambalo halitokei popote. Nusu moja yaweza kuwa makaburi na uwanja wa mpira. Ukiweza, wagawe watu kwa kufuata majengo ya makazi, au tumia takwimu za watu zilizokwisha kugawanywa katika miraba midogo ya mita 100, kama zile za WorldPop, mradi unaokadiria watu wanaishi wapi duniani, huku ukikumbuka kwamba nazo ni makadirio yaliyotokana na sensa hiyohiyo.

Kuhusu mara ambazo basi hupita, kipimo kimoja kilichozoeleka ni kile kijulikanacho kwa kifupi kama PTAL, yaani kiwango cha ufikivu wa usafiri wa umma, kilichobuniwa mwaka 1992 katika halmashauri ya Hammersmith and Fulham, London, na baadaye kikatumika katika mipango ya jiji zima. Kwanza huhesabiwa muda wa kutembea hadi kituoni kwa mwendo wa kilomita 4.8 kwa saa, yaani mita 80 kwa dakika. Kituo cha basi kilicho mbali zaidi ya mita 640, au cha treni kilicho mbali zaidi ya mita 960, hakiingizwi kabisa. Kisha huongezwa muda wa kusubiri, ambao ni nusu ya muda uliopo kati ya basi moja na linalofuata, pamoja na dakika 2 za ziada kwa basi au dakika 0.75 kwa treni, kwa kuwa basi haliaminiki kama treni. Namba 30 hugawanywa kwa jumla ya dakika hizo, na jibu lake ni kama kuuliza: gari hili lingekuwa linapita mlangoni pako, lingelingana na kupita mara ngapi kwa saa?

Tuchukue nyumba iliyo mita 400 kutoka kituo chenye ruti mbili, moja ikiwa na basi kila baada ya dakika 10 na nyingine kila baada ya dakika 20. Kutembea ni dakika 5. Kwa ruti ya kwanza, 5 jumlisha 5 jumlisha 2 ni dakika 12, na 30 gawanya kwa 12 ni 2.5. Kwa ruti ya pili, 5 jumlisha 10 jumlisha 2 ni dakika 17, na jibu ni takriban 1.76. Ruti iliyo bora huchukuliwa nzima na zinazobaki huchukuliwa nusu, kwa hiyo nyumba hiyo inapata 2.5 jumlisha 0.88, yaani 3.38. Ngazi za kipimo huanzia 0 hadi 6b, na 3.38 inaangukia ngazi ya 1b, ya pili kutoka chini miongoni mwa mahali panapopata huduma yoyote. Kwa kiashiria cha mita 500, nyumba hiyohiyo ingehesabiwa kuwa inafikiwa bila swali lolote. Nadhani tofauti hiyo ndiyo uliyoiona uliposimama kituoni.

Kasoro zake nazo ni za wazi. Mtu aliye mita 639 anapata alama na jirani yake aliye mita 641 anapata sifuri. Hesabu hufanywa kwa saa ya msongamano wa asubuhi tu, kwa hiyo haisemi lolote kuhusu usiku. Haijali nauli wala basi kujaa. Na haiulizi basi linakwenda wapi.

Mwendo_Pole

Naomba kuongeza jambo ambalo mara nyingi huachwa hadi mwisho wa ripoti, kisha likaachwa kabisa. Mita 80 kwa dakika ni mwendo wa mtu mzima mwenye afya asiyebeba kitu. Kwa mwendo huo mita 500 ni dakika 6 na robo. Kwa mzee au mzazi aliyeshika mtoto mkono, anayetembea kilomita 3 kwa saa, ni dakika 10. Ukiweka kikomo cha dakika badala ya mita, na kila kundi likapewa mwendo wake, eneo linalofikiwa na wazee litapungua mbele ya macho yako bila kituo hata kimoja kuhamishwa.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, tatizo si mwendo. Mtaro ulio wazi au ngazi tatu za daraja huikata njia moja kwa moja, kwa hiyo mtandao wake wa njia ni mwingine kabisa na unapaswa kuhesabiwa peke yake. Kuna hesabu fupi ambayo ningependa kila mpangaji aione. Tuseme mji una vituo 100, na 40 kati yake vimejengwa vizuri kiasi cha mtu huyo kupanda na kushuka. Ripoti itaandika asilimia 40. Lakini safari inahitaji kituo cha kupandia na cha kushukia, na vyote viwili lazima viwe vizuri: kati ya jozi 9,900 za vituo, zinazofaa ni 40 mara 39, yaani 1,560, ambazo hazifiki hata asilimia 16. Hapo bado hatujauliza kama basi lenyewe lina njia ya kupandishia kiti.

Mpimaji_Njia (mleta mada)

Nawashukuru sana. Nimerudia hesabu kwa kutumia njia za OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, badala ya maduara, na asilimia imeshuka kiasi cha kunitia wasiwasi wa namna ya kuiwasilisha. Hata hivyo nimegundua tatizo la upande wa pili: katika makazi yasiyopimwa, vichochoro vingi havijachorwa kwenye ramani, kwa hiyo programu inadhani wakazi wake wamefungiwa, ilhali wao hupita katikati ya nyumba na kufika barabarani kwa dakika tatu. Mtaa wa matajiri wenye kuta ndefu umechorwa kikamilifu. Naona kosa linaweza kwenda pande zote mbili, na linawaangukia watu tofauti.

Swali langu la kufika mtu aendako bado halijaguswa. Na nilisahau kusema kwamba sehemu kubwa ya usafiri hapa ni mabasi madogo ya watu binafsi yasiyo na ratiba.

Saa_na_Nafasi

Ndugu Mpimaji_Njia, naomba kutofautiana kidogo na mchangiaji Ramani_na_Rula, si katika hesabu zake, ambazo ni sahihi, bali katika mahali pa kuanzia. Hakuna mtu anayetoka nyumbani kwa nia ya kufika kituoni. Anataka kufika kazini, hospitali, shuleni au sokoni, na kurudi. Vipimo vyote viwili vilivyokwisha kutajwa hupima jinsi usafiri unavyomkaribia mkazi. Havipimi jinsi mkazi anavyoyakaribia maisha yake. Mtaa waweza kuwa na mabasi kila dakika tano yanayokwenda mahali pasipo na ajira, nao ukapata alama nzuri.

Wazo la kupima upande huo wa pili si jipya. Walter Hansen aliliandika kwa namna ya kihesabu mwaka 1959: ufikivu wa mahali ni jumla ya nafasi zote zilizopo mjini, kama vile ajira, kila nafasi ikipunguzwa thamani kadiri inavyokuwa mbali. Mfano mdogo utasaidia. Tuseme thamani ya ajira hupungua nusu kwa kila dakika 15 za safari. Ajira 100 zilizo umbali wa dakika 15 zinahesabiwa kama 50. Ajira 400 zilizo dakika 30 zinahesabiwa kama 100. Ajira 800 zilizo dakika 60, zikiwa zimekatwa nusu mara nne, zinabaki 50. Jumla ni 200. Namba hiyo peke yake haina maana kwa mtu wa kawaida, na hiyo ndiyo shida yake, lakini ukilinganisha mtaa na mtaa, au mtaa uleule kabla na baada ya kuongezwa ruti, inasema mengi.

Kuna njia nyepesi zaidi, ambayo wapangaji wengi huipenda kwa kuwa inaelezeka: hesabu tu ni ajira ngapi zinafikika ndani ya dakika fulani, tuseme 45, kutembea na kusubiri vikiwamo. "Mkazi wa mtaa huu anaweza kufikia robo ya ajira zote za mji kwa dakika 45" ni sentensi ambayo diwani ataielewa. Ubaya wake ni ukali wa mpaka. Katika mfano wangu, kikomo cha dakika 45 kinaona ajira 500 na kikomo cha dakika 60 kinaona 1,300, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuchagua kikomo kinachompa jibu analolitaka. Dawa yake ni kutoa vikomo vitatu kwa pamoja na kuvitangaza kabla ya kuona matokeo.

Ila usitumie hesabu ya nafasi kwa kila kitu. Mgonjwa hafaidiki kwa kuweza kufikia hospitali saba. Anahitaji moja iliyo karibu, na pengine ya pili iwapo ya kwanza haina huduma anayoitafuta. Kwa afya na shule pima muda wa kufika kwenye iliyo karibu, kisha, ukiwa na nguvu, uliza watu wangapi wanaigombea, maana zahanati iliyo jirani na watu elfu mia si sawa na ileile ikiwa jirani na watu elfu tano.

Sasa kuhusu muda, ambako naona makosa mengi kuliko kwingine. Ukiagiza programu ihesabu safari inayoanza saa 2:00 kamili asubuhi, na basi kwenye ratiba likapita saa 2:04, mtaa ulio dakika tatu kutoka kituoni utaonekana wa peponi; ukianza saa 2:02 mtaa huohuo utakuwa umeachwa na basi. Kwa hiyo hesabu hufanywa kwa kila dakika ndani ya saa nzima au mbili, kisha majibu yakapangwa kutoka dogo hadi kubwa na likachukuliwa la katikati. Programu huria kama R5 hufanya hivyo kwa mji mzima kwenye kompyuta ya mkononi, kwa hiyo bajeti isiwe kisingizio. Rudia kwa saa 3 usiku na kwa Jumapili. Mfanyakazi wa zamu, ambaye anamaliza kazi wakati mabasi yamekwisha, hana usafiri hata kama asubuhi alikuwa na mabasi kumi.

Kanuni ya kusubiri nusu ya muda uliopo kati ya mabasi ni ya kweli pale tu mabasi yanapoachana sawasawa. Tuseme kwa wastani basi hupita kila dakika 10, ila huja mawili mawili: moja baada ya dakika 2, linalofuata baada ya dakika 18. Wastani wa kusubiri hauwi dakika 5. Watu wengi zaidi hufika kituoni ndani ya lile pengo refu kuliko ndani ya lile fupi, na ukipiga hesabu unapata dakika 8.2. Mabasi ni yaleyale, idadi kwa saa ni ileile, lakini kusubiri kumeongezeka kwa zaidi ya asilimia 60. Ratiba iliyoandikwa haiwezi kukuonyesha jambo hilo. Saa na daftari kituoni vitakuonyesha.

Mwisho ni nauli. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2005 ulilinganisha miji kwa kuuliza ni sehemu gani ya kipato cha mtu ingeliwa na safari 60 za kilomita 10 kwa mwezi. Ni kipimo kikavu, lakini kinakumbusha kwamba dakika 40 za safari yenye kubadili gari mara mbili, kila mara kwa nauli mpya, si dakika 40 kwa asiyekuwa na nauli hiyo. Ukiweza, weka kikomo cha pesa kando ya kikomo cha dakika na uone ramani inavyosinyaa kwa watu wa kipato cha chini.

Mkusanya_Ruti

Nimesoma kwa makini, nami nitajibu suala la mabasi yasiyo na ratiba tu, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifanya.

Programu kama R5 hula takwimu za muundo uitwao GTFS, wa kuandikia vituo, ruti na ratiba, ulioanza mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Google na TriMet, shirika la usafiri la Portland, Marekani. Muundo huo ulidhani kwamba kila gari lina ratiba, lakini una faili la ziada linalokuruhusu kusema tu kwamba kati ya saa fulani na saa fulani gari hupita kila baada ya dakika kadhaa. Hapo ndipo mabasi yasiyo na ratiba huingilia. Jambo hili limekwisha kufanyika kwa mji mzima: mradi wa Digital Matatus uliokusanya ruti za Nairobi kwa simu za mkononi, ukiwahusisha Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Marekani, ulitoa takwimu na ramani yake hadharani mwaka 2014.

Namna ya kukusanya ni ya jasho kuliko ya akili. Unapanda gari ukiwa na simu inayorekodi njia, unaandika kila mahali watu wanapopanda na kushuka, hata pasipo na kibao, kwa sababu kituo halisi ni pale gari linaposimama. Safiri kila ruti kwenda na kurudi, asubuhi, mchana na jioni. Kisha weka mtu mmoja stendi na mwingine katikati ya ruti, wahesabu magari kwa muda uleule. Usimwache huyo wa katikati kwa kubana matumizi, kwani hesabu ya stendi ina tabia ya kudanganya. Gari linaloondoka stendi baada ya kujaa linapita vituo vya katikati bila kusimama, na kwa anayesubiri pale, gari lililojaa ni sawa na gari ambalo halikupita. Ikiwa yanapita magari 12 kwa saa na lenye nafasi ni moja kati ya matatu, huduma ya kituo kile ni magari 4 kwa saa, na hiyo ndiyo namba ya kuingiza kwenye faili, siyo 12. Kuna pia magari yanayokatisha ruti na kugeuza njiani abiria wanapopungua, hasa jioni. Bila mtu wa kuhesabu mwisho wa ruti, takwimu zako zitawapa wakazi wa pembezoni mabasi ambayo hawajawahi kuyaona.

Kuhusu vichochoro visivyochorwa, wape vijana wa mtaa simu zilezile watembee. Kwa mtaa mmoja ni kazi ya siku mbili.

Ramani_na_Rula

Nakubali hoja ya mchangiaji Saa_na_Nafasi kwamba safari haiishii kituoni, na sitaitetea PTAL zaidi ya inavyostahili. Nina angalizo moja tu. Kipimo cha nafasi zinazofikika kinachanganya mambo mawili, usafiri na mahali shughuli zilipo, na matokeo yakiwa mabaya hujui ulaumu lipi. Mtaa wa pembezoni waweza kukosa ajira ndani ya dakika 45 hata kwa basi bora kabisa, kwa sababu tu ajira zote ziko upande wa pili wa mji. Ndiyo maana ningeuweka umbali wa kituo na mara za kupita kando ya kipimo hicho, ili msomaji aone kama tatizo ni la mwendeshaji wa mabasi au la aliyeamua viwanja vya makazi vigawiwe kule. Halmashauri nyingi hupenda kuwalaumu wenye mabasi kwa jambo la pili.

Na kuhusu ile namba moja wanayoitaka wakubwa zako: ukilazimika kuitoa, usitoe wastani. Wastani wa mji unaweza kupanda kwa kuongeza mabasi katikati ya mji, ambako tayari yapo, huku pembezoni pakibaki vilevile. Toa idadi ya watu walio chini ya kiwango fulani mlichokubaliana, kwa mfano wasioweza kufika hospitali na kurudi ndani ya muda uliopangwa. Namba ya namna hiyo haifiki sifuri mpaka mtu wa mwisho kabisa aguswe.

Mpimaji_Njia (mleta mada)

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nimefuata ushauri wa Mkusanya_Ruti kwa ruti nne tu, kwa kuwa watu wa kuhesabu tulikuwa watano, na tofauti kati ya stendi na katikati ya ruti ilikuwa kubwa kuliko nilivyokuwa tayari kuamini. Siku ya kwanza nilidhani mwenzangu amelala. Vichochoro vya mtaa mmoja vimechorwa, na mtaa huo umepanda kwa haki yake. Kwenye ukurasa wa kwanza nimeweka idadi ya watu wasioweza kufika hospitali ndani ya dakika 60, na pembeni yake idadi hiyohiyo kwa saa 3 usiku. Safu ya watumiaji wa viti vya magurudumu imebaki na alama ya kistari katika mitaa mingi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuandika hali ya mitaro na ngazi, na nimekataa kuijaza kwa kukisia.

Kuhusu lile bonde nililoanza nalo: nilichora daraja la waenda kwa miguu kwenye kompyuta, la kufikirika tu, nikaiacha programu ihesabu upya. Watu walioingia ndani ya mita 500 kwa sababu ya daraja hilo moja ni wengi kuliko wote ambao wangeongezwa na vituo vipya vilivyokuwa vimependekezwa kwenye rasimu ya mpango. Nimeambiwa sasa kwamba madaraja si ya idara yetu, kwa hiyo ninatafuta ni nani wa kumpelekea ukurasa huo.